Mgeni Mwenye Haraka wa Bi Rukia

Nyinyi mnaoanza kazi hii ya kuhudumia wazee majumbani, najua mnafundishwa mengi kuliko tuliyofundishwa sisi. Mna simu inayowaambia nyumba iko wapi, dawa ni zipi, na mmechelewa kiasi gani. Sisi tulikuwa na ufunguo mfukoni, aproni ya plastiki mkobani, na simu ya mezani ya mzee mwenyewe, ambayo tulipigia ofisi kusema tumefika. Mzee akiwa kwenye simu na dadake wa Mombasa, basi wewe hujafika, hata kama umeshaosha vyombo.

Mimi nimestaafu. Magoti yamegoma, mgongo umefuata. Mpwa wangu, ambaye ndiye anawafundisha baadhi yenu, aliniomba niwaandikie machache kuhusu uvumilivu kazini. Nimekaa nikafikiri, nikaona nitawaandikia kuhusu ndege. Uvumilivu mtaukuta humo humo, ukitafuta pa kukaa.

Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili na kidogo, kabla simu hazijapata akili. Nilikuwa nakaa Sparkhill, hapa hapa Birmingham, na kila alfajiri nilipanda mabasi mawili mpaka Northfield kwa mama mmoja aliyeitwa Bi Rukia. Alikuwa Msomali wa Mombasa, mimi Msomali wa Isiolo. Kisomali chake kilikuwa cha kuombea maji tu, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, yeye akikivuta taratibu na mimi nikikikatakata, na kila mmoja wetu akiamini mwenzake ndiye anayekosea. Mumewe alikuwa ameshafariki, akamwachia nyumba yenye bustani ndefu nyuma na miti mikubwa ambayo hakuna aliyeipogoa. Mwanawe Yusuf alikuwa na kazi ya ofisini kwenye ghala moja huko Nechells. Alikuja kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, na mfuko wa nyama kutoka Stratford Road mkononi, na uso wa mtu aliyekuja kukagua paa linalovuja.

Asubuhi moja ya Aprili nilifika nikakuta mlango wa mbele uko wazi kabisa, baridi inaingia bila kualikwa. Bi Rukia alikuwa amesimama kizingitini amejifunga shali, na mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai. Nikamuuliza kuna nini. Akaniambia kwa uchungu kwamba mgeni ameshakwenda zake, na ni mara ya ngapi sasa anamkosa.

Hadithi aliyonipa ni hii. Kila alfajiri, akishamaliza kuswali, mtu hubisha hodi. Hubisha kwa haraka sana, ko-ko-ko-ko, kama mwenye dharura. Yeye huitikia karibu, hushuka ngazi na yale magoti yake, hufungua, na hakuna mtu. Sasa nyinyi mliozaliwa hapa mnaweza kusikia mlango unagongwa mkajifanya hampo. Nimewaona. Bi Rukia alilelewa kwamba mgeni hubisha mara tatu, asipoitikiwa huondoka, na aibu ni ya mwenye nyumba. Kwake yeye, kila alfajiri familia nzima ilikuwa inaaibika pale Northfield. Ndiyo maana alianza kubandika chai kabla, ili angalau mgeni asikie harufu asiondoke upesi.

Na chai hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Siku moja alishuka kufungua, akasimama mlangoni kumtafuta mgeni barabarani, maziwa yakafurika, sufuria ikaungua, jiko likajaa moshi. Mimi ndiye niliyefungua madirisha na kuisugua ile sufuria mpaka nikaitupa. Yusuf alipata habari siku hiyo hiyo, na hapo ndipo alipoanza kutafuta nyumba ya wazee.

Aliipata ng'ambo ya pili ya mji. Ilikuwa safi, sikatai. Ilikuwa na sebule kubwa ambayo televisheni haizimwi, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumsemesha Kiswahili. Walikubali kumwekea mamake nafasi mpaka mwisho wa Mei. Bi Rukia alipoambiwa hakulia wala hakubisha. Aliuliza tu kama milango ya kule hufunguliwa na wakaaji au na wafanyakazi. Yusuf alimjibu wafanyakazi.

Msimwone Yusuf mbaya. Aliniita jikoni, akanieleza kwa sauti ya chini.

"Dada Sahra," alisema, "leo anamfungulia nobody. Kesho itakuwa somebody. Then what?"

Na alikuwa anasema kweli.

Akaletwa pia dada mmoja wa vipimo vya kumbukumbu, mwenye sauti laini na viatu visivyotoa mlio. Alimwambia Bi Rukia ahesabu kurudi nyuma kutoka mia moja, akiruka saba saba, na mimi nikiwa mkalimani. Bi Rukia akaniambia nimuulize huyo dada, huko nyuma amesahau nini. Akapewa maneno matatu ya kukumbuka, akayakumbuka yote, akaongeza la nne ambalo hakuambiwa, kwa ukarimu. Lakini alipoulizwa leo ni siku gani, alisema Alhamisi, na ilikuwa Jumatano. Yusuf aliinamisha kichwa kama aliyesomewa hukumu. Yule dada akasema mengine yote si mabaya kwa umri wake, ila hiyo hodi ndiyo inayomtia wasiwasi. Bi Rukia hakujisamehe ile Jumatano. Kwa wiki nzima kila nikiingia ananitangulia kunitajia siku kabla ya salamu.

Katika mafunzo yetu tuliambiwa mtu akisema anasikia sauti, usibishane naye wala usikubaliane naye. Mpeleke kwenye mazungumzo mengine. Nilijaribu. Nilimwambia, Bi Rukia, hebu nieleze harusi yako. Akanieleza harusi yake kuanzia posa, na alipofika kwenye siku yenyewe akasema wageni walibisha hodi, na tukarudi pale pale.

Basi nikaamua ni watoto wa mtaani wanaogonga na kukimbia. Nilifika mapema kuliko kawaida, nikajificha nyuma ya mlango na ufagio. Niliposikia hatua kwenye kijia, nilifungua kwa kishindo nikaruka nje. Alikuwa ni mleta maziwa. Tangu siku hiyo maziwa yaliachwa getini, na mtu huyo akiniona kituo cha basi alihamia upande wa pili wa barabara.

Siku mbili tatu baadaye nilikuwa chooni juu nakamua kitambaa. Mlango ukagongwa, ko-ko-ko-ko-ko, kwa haraka, nyumba nzima ikaitika. Kabla sijajua ninachofanya nikasikia mdomo wangu unasema karibu. Nilishuka mbio, Bi Rukia akatokea chumbani mbio za kwake, tukabanana mabega kwenye ujia mwembamba, tukafungua mlango kwa mikono miwili. Hakukuwa na mtu. Kijia kitupu, geti limefungwa, maziwa yako getini.

Bi Rukia alinitazama kwa huruma kubwa.

"Na wewe watakupima," akaniambia.

Tulikuwa bado tumesimama pale tulipomsikia jirani anacheka. Jirani huyo alikuwa mzee wa Kisingasinga, jina lake Kirpal, ila sisi tulimwita Fundi kwa kuwa alikuwa seremala Kisumu maisha yake yote kabla hajaja huku. Alikuwa amesimama kwenye bustani yake ndogo ya mbele, kilemba kimekaa sawasawa, darubini shingoni. Akatuonyesha juu kwa kidevu.

"Mama Yusuf, hii si mtu," alisema. "Hii ndege. Iko juu ya bao yako, pale chini ya paa. Bao kavu, ndani tupu. Sauti nzuri sana."

Tukarudi nyuma hatua kadhaa, tukatazama juu. Pale juu ya mlango, kwenye ubao wa ukingo wa paa, alikuwa ameng'ang'ania kigong'ota. Mweusi na mweupe, doa jekundu kisogoni, na chini ya mkia ni kama amevaa kaptula nyekundu. Akatutazama kwa jicho moja, akatupigia ile hodi yake mara nyingine, akaruka.

Fundi alitueleza kwamba yule ni dume, na hatafuti chakula pale. Anatangaza. Kwa sababu hana wimbo kama ndege wengine, hutafuta kitu kinachotoa mlio mkubwa na kukigonga ili majirani wajue mtaa huu una mwenyewe. Fundi alikuwa akimsikia tangu mwisho wa baridi. Nikamuuliza mbona hakutuambia siku zote hizo. Akasema alikuwa anamsikia mama kila asubuhi anaitikia karibu kwa sauti nzuri, akadhani anamkaribisha ndege.

Bi Rukia hakufurahi kama nilivyotegemea. Alikaa kwenye ngazi akafikiri. Alisema amemchemshia ndege chai mwezi mzima, na hakuna hata siku moja aliyosema ahsante.

Mimi nilikimbilia simu. Nilimpigia Yusuf kazini nikamwambia tumemjua mgeni, ni ndege. Upande wa pili nikasikia magari ya ghalani yakirudi nyuma. Kisha akaniuliza pole pole, kwa hiyo mama yake anampikia chai ndege. Nikaona nimeongeza kuni kwenye moto. Alisema anajua nampenda mamake na sitaki aondoke, lakini ndege habishi hodi, na yeye kila Jumapili yuko pale na hajawahi kusikia kitu. Nikamwambia ndege huyu habishi saa nane mchana mtu ameshiba pilau. Mwishowe alikubali kuja kulala siku moja, Ijumaa ya mwisho ya Mei, kwa sababu kabla ya hapo ghala lilikuwa na kazi nyingi. Akisikia hodi mwenyewe alfajiri ya Jumamosi, ataiachilia ile nafasi. Asiposikia, mamake atafungasha.

Hapo ndipo mimi, mtoto wa Isiolo niliyemjua kuku na tai tu, nilipoanza kusomea ndege. Fundi alisema huwezi kumwonyesha mtu ndege kama hujui ratiba yake. Kila asubuhi, chai ya Bi Rukia ikishanyweka na vidonge vikishamezwa, tulitoka sote watatu bustanini kwa muda ambao ofisi yangu iliuita kunyoosha viungo.

Siku ya kwanza hatukuona hata manyoya. Kosa lilikuwa salamu. Fundi alifika kwenye ua akamsalimia Bi Rukia, Bi Rukia akamuuliza hali, za nyumbani, za mke, za watoto wa Leicester, za mguu, na Fundi hakuacha hata moja bila kuirudisha. Kisha walinigeukia mimi, wakaanza upya. Tulipomaliza bustani ilikuwa kimya kabisa. Ndege wote walikuwa wamekwenda kwa watu wasiojuana. Siku ya pili tukaweka sheria: salamu zote ziishie jikoni, mlango umefungwa, na ukishavuka kizingiti huna habari na mtu. Bi Rukia ilimuumiza. Alikuwa akitoka anashika mdomo kwa mkono.

Kosa la pili lilikuwa langu, yaani aproni. Nilidhani nimesimama kimya kumbe kila nikipumua plastiki inalalamika. Bangili za Bi Rukia nazo zilivuliwa zikaachwa kwenye bakuli la sukari. Haya ni mambo madogo, lakini andikeni: ndege husikia nguo yako kabla hajakuona.

Mengine Fundi alinifundisha kidogo kidogo, huku akinipiga kiwiko. Mwisho wa majira ya kuchipua majani yameshajaa, kwa hiyo usitafute ndege. Tafuta jani linalotikisika wakati hakuna upepo. Ukimwona, usiinamishe macho kutafuta darubini. Kaza macho pale pale, ulete darubini mbele ya macho yako. Usinyooshe mkono kumwonyesha mwenzako. Kaa jua likiwa mgongoni, la sivyo utaona vivuli tu na kuvipa majina ya uongo. Na zaidi ya yote, sikiliza kwanza. Leo mna simu inayosikiliza kwa niaba yenu na kuwaambia huyu ni nani. Ni kitu kizuri, ninayo. Ila juzi iliniambia kikohozi cha mume wangu ni bundi.

Majina ya Kiingereza yalitushinda, kwa hiyo Bi Rukia aliwapa ya kwake. Yule mweusi mwenye mdomo wa manjano, anayeanza kabla ya wote juu ya bomba la moshi, alikuwa Muadhini. Mwenye madoadoa kifuani, anayesema kila kitu mara mbili au tatu ndipo aendelee, alikuwa Mwalimu. Kuna mmoja mdogo kama kidole gumba, mkia juu, sauti ya kutisha mtaa mzima. Huyo alimwita Mama Mkwe, na hakueleza zaidi. Kulikuwa na mwingine wa noti mbili tu, juu chini, juu chini, kutwa nzima bila kuchoka. Fundi alisema huyo ni mwanafunzi wa ufundi aliyepewa nyundo siku ya kwanza, akaitwa Mwanafunzi. Kigong'ota mwenyewe alibaki kuitwa Mgeni.

Na jamani, yule mama alikuwa anawajua. Mimi nilichanganya Mwalimu na Muadhini mpaka mwisho, lakini yeye hata akiwa anakatakata vitunguu alisema, Mwalimu amehamia kwa Fundi leo. Alianza kulala vizuri. Aliacha kubandika chai ya mgeni, maana mwenyewe alisema hatampikia tena mtu asiyeshuka. Ila hodi ikipigwa bado aliitikia karibu, kutoka kitandani, kwa adabu tu. Nilianza kumwona kama mtu ambaye akiondolewa pale atazimika. Niliogopa, sifichi. Nilipokuwa kwenye basi la kurudi nilikuwa nahesabu Ijumaa.

Katikati ya Mei Mgeni akanyamaza.

Siku ya kwanza tulidhani ni mvua. Ya pili tukadhani upepo. Wiki ilipokwisha bila hodi hata moja nilimfuata Fundi kwenye ua, na nikasahau sheria ya salamu kwa upande wa pili, yaani sikumsalimia kabisa. Alinipeleka mwisho wa bustani, akanisimamisha mbali na mti mzee wa mbetula uliokauka kilele. Akaniambia nisikilize. Ndani ya shina kulikuwa na mlio usiokatika, kama chuma kinachonolewa. Juu kidogo kulikuwa na tundu la mviringo, safi, kama limetobolewa kwa keekee ya seremala. Mgeni akaja na mdomo umejaa viwavi, akatuona, akasema kik, kik, akakataa kuingia. Fundi akanivuta nyuma. Ndege mwenye chakula mdomoni akikusemesha hivyo, umekaribia mno. Ondoka ili watoto wapate kula.

"Sasa iko na watoto," Fundi alisema. "Wewe sema, nani iko na watoto halafu napiga ngoma?"

Hakuna. Nimelea wanne, najua. Lakini Ijumaa ilikuwa inakuja, na Yusuf hakuwa anakuja kuona watoto wa ndege. Alikuwa anakuja kusikia hodi.

Alikuja Ijumaa jioni na mkoba mdogo na mswaki. Mimi niliomba kuanza zamu mapema kuliko nilivyowahi kuanza, nikafika Jumamosi wakati Muadhini ndiyo kwanza anajaribu koo. Tukakaa jikoni, mama, mwana na mimi, chai mbele yetu. Muadhini akamaliza, Mwalimu akapokea, Mama Mkwe akatukana mtu kwenye michongoma. Bi Rukia alikuwa akimtajia mwanawe kila mmoja kwa sauti ya chini, na Yusuf alikuwa anatikisa kichwa kwa upole wa kuvunja moyo, ule upole ambao watu humpa mgonjwa. Jua likapanda. Ubao juu ya mlango hakuna aliyeugusa.

"Mama," Yusuf alisema mwishowe, "hakuna mtu, na hakuna ndege. It's okay. Nitakuja kukuona kule kila siku, si Jumapili tu."

Bi Rukia aliangalia kikombe chake. Alisema basi, atakwenda, ila wasimpe chumba cha juu, maana hatawahi kufika mlangoni. Mimi nilisimama nikajifanya nafuta jiko lililokwisha kufutwa.

Ndipo tukasikia ko-ko-ko-ko. Lakini kwa mbali, na kwa nyuma. Yusuf alikunja uso. Ikapigwa tena, huko huko bustanini. Akafungua mlango wa nyuma akatoka na soksi kwenye umande, na mimi nyuma yake.

Nyuma ya michongoma, upande wake wa ua, Fundi alikuwa amechutama na kilemba chake na sanduku la mbao kavu magotini, fimbo mbili mkononi, anaviringisha viganja kwa ustadi wa miaka yote ile ya Kisumu. Hakuwa amemwambia mtu. Kumbe alikuwa akijua kigong'ota akisikia mwenzake anatangaza karibu na nyumba yake, hawezi kuvumilia, hata awe na watoto kumi. Alikuwa amepiga tangu alfajiri huko mwisho wa bustani, ndipo akasogea karibu, na vidole vilikuwa vimeanza kufa ganzi.

Yusuf hakujua habari hizo. Yeye aliona mzee amejificha vichakani anagonga sanduku.

"So ni wewe," alisema. Kisha akanigeukia, na macho yalikuwa yamejaa machozi. "Mmekuwa mnamchezea mamangu. Wote wawili. Mama mzima anafungua mlango kwenye baridi, na nyinyi mnacheza ngoma."

Fundi aliinua mikono yote miwili juu, fimbo moja kila mkono, kama mtu aliyekamatwa na polisi.

"Hapana, kijana. Mimi naita yeye tu. Wacha kidogo, yeye atajibu."

Yusuf alisema hataki kusikia neno. Alisema atapiga simu ofisini kwetu leo leo, na mamake anaondoka leo leo. Mimi nikageukia nyumba. Nikamwona tu Bi Rukia kwenye mlango wa jikoni, shali mabegani, anatutazama sote watatu kwa utulivu, mkono mdomoni kwa ile sheria yetu.

Na hodi ikapigwa.

Ko-ko-ko-ko-ko-ko. Mbele, juu ya mlango, kwenye ubao wenyewe, kwa hasira ya mwenye nyumba aliyesikia kuna mpangaji mpya. Nyumba nzima iliitika. Mikono ya Fundi ilikuwa bado iko juu.

"Karibu," Yusuf akaitikia, kwa sauti kubwa, na sauti ilikuwa ya mamake mtupu. Akageuka. Akapita jikoni na soksi zake zilizolowa, akampita mama yake, akashika ujia kwa hatua za mtu aliyelelewa vizuri, akafungua mlango wa mbele wazi kabisa.

Hakukuwa na mtu. Kijia kitupu, maziwa getini. Alisimama pale ameshika kitasa, baridi inaingia, na nilimwona shingo yake ikianza kuelewa kabla kichwa hakijaelewa. Juu yake Mgeni akabisha mara ya pili, vumbi la mbao likamdondokea nywelani.

Bi Rukia alimfuata taratibu mpaka nyuma yake.

"Nani?" akamuuliza.

"Hakuna mtu, Mama."

"Mh." Akamtazama kutoka kichwani mpaka kwenye soksi. "Yusuf, mwanangu, hebu niambie. Leo ni siku gani?"

Yusuf alizoea kuiona nyumba ile siku moja tu ya wiki. "Jumapili," akasema.

Bi Rukia akanigeukia mimi.

"Sahra, ongeza chai. Na jiko ulichunge wewe, huyu mtoto nyumba haiwezi."

Yusuf alikaa kwenye ngazi ya mlango akacheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, mimi sikuweza kutofautisha kwa kuwa nilikuwa nalia na mimi. Aproni ya plastiki haifuti machozi, inayasambaza tu. Fundi alibisha, kisha akaingia mwenyewe kwa mlango wa nyuma kwa kuwa hakuna aliyemjibu, akamsalimia Yusuf salamu kamili, kuanzia mwanzo, na safari hii hakuna aliyemkatiza. Simu aliyopiga Yusuf siku hiyo ilikuwa ya kuachilia ile nafasi.

Bi Rukia aliendelea kuishi pale na kufungua mlango wake mwenyewe kwa miaka mingine mingi, na nilimhudumia mpaka mwisho. Yusuf alimwekea tundu la kuchungulia mlangoni na jiko linalojizima, mambo ambayo tungeyafikiria mapema kama tungekuwa na akili. Ubao ule Fundi aliubadilisha vuli, watoto wa Mgeni walipokwisha kuruka, na kipande cha zamani akakipigilia kwenye ua wake mwenyewe. Kila mwisho wa baridi hodi ilipigwa kwake, na Bi Rukia aliitikia kutoka kwetu.

Kwa hiyo, wanangu, fuateni mafunzo yenu. Lakini mzee akiwaambia kuna mtu mlangoni, msikimbilie kumbadilishia mazungumzo. Kwanza nendeni mkafungue. Mkikuta hakuna mtu, tokeni nje, mtazame juu.